Spika Aliyekuja Guangzhou Kutafuta Siwa

Mimi shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu walimu walichoka kuniona. Lakini nimewahi kuwa mshauri wa Spika wa bunge. Waliosoma mpaka wakavalishwa majoho na kofia bapa waje waseme wao wamemshauri nani.

Ofisi yangu iko mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, huku China, ghorofa ya tisa, kwenye jengo ambalo ukipanda lifti na mzigo wa mwenzako mnatoka mmekuwa ndugu. Kazi yangu ni kago, kusafirisha mizigo ya watu kwenda nyumbani. Niliingia Guangzhou na begi moja na anwani niliyoiandika kiganjani, jasho likaifuta kabla sijatoka uwanja wa ndege. Leo shuka metro ya Xiaobei, uliza Mswahili ambaye mzigo wake hauchelewi. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma atanyoosha kidole juu, ghorofa ya tisa. Sijisifu. Nasema kilichopo.

Siku hiyo mteja wangu mmoja Mkenya, muuza viatu, akanipigia simu.

"Braza, nakuletea mtu mzito. Usimwongeleshe vile unatuongeleshanga sisi."

"Mzito wa kilo?"

"Wa cheo, wewe!"

Baada ya chakula cha mchana akaingia mtu mrefu mwembamba, suti nyeusi, tai imekaza shingo, na joto lile la Guangzhou ambalo ukitoka nje ni kama umepigwa kofi na taulo mbichi. Akasimama mlangoni. Nikamwambia karibu, akaendelea kusimama. Nikamsogezea kiti, akakitazama tu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anatungoja sisi tusimame kwanza. Ofisini palikuwa na akina mama wawili wa Kariakoo wanafunga mabelo kwa tepu, na mmoja amekalia belo lake ili lifungike vizuri. Huyo asingesimama hata angeingia mfalme. Nikasimama mimi kwa niaba ya wote. Ndipo akakaa.

Alikuwa Spika wa bunge la kaunti huko Kenya. Kaunti gani sisemi, maana wana ndugu wengi Guangzhou na mimi bado nataka mizigo yao. Alikuwa amekuja kutengenezesha siwa.

Asiyeijua siwa nimweleze: ni lile rungu la heshima linalobebwa mbele ya Spika anapoingia, kisha linalazwa mezani. Likiwa mezani, bunge ni bunge. Lisipokuwepo, ni watu wamekaa tu wamevaa suti. Siwa yao ya zamani ilivunjika siku waheshimiwa walipopigana ukumbini. Mmoja aliinyakua akakimbia nayo, mwingine akamdaka miguu, na kichwa cha siwa kikaenda kugonga ukuta. Bila siwa hawakuweza kukaa. Kwa hiyo Spika mwenyewe akajitolea kufunga safari ya China, aisimamie mpya kwa macho yake.

Sasa, msomaji, nakupa mapema jambo ambalo mimi nilikuja kulijua kwa kuchelewa. Waheshimiwa wale walikuwa na hoja tayari ya kumng'oa Spika. Kura zilitimia. Kilichokosekana ni siwa tu, wakae, waipitishe. Kwa hiyo mtu yule aliyekuja Guangzhou kutafuta siwa hakuwa na haja nayo hata kidogo. Siku ambayo siwa ingetua kwao ndiyo siku ambayo angepoteza kiti. Na akaja kuangukia mikononi mwa nani? Mikononi mwa mtu asiyechelewesha mzigo.

Kesho yake tukapanda teksi kwenda kiwanda cha vikombe vya michezo na medali, nje kidogo ya mji. Njiani akanisimulia maisha yake. Alianza siasa kwenye mazishi. Alikuwa mshereheshaji, yule mwenye kipaza sauti anayesema familia isogee hapa, wakwe wakae kule, mbunge azungumze kwa ufupi. Sauti yake ilikuwa nzito na watu wakaizoea. Wakaona mtu anayeweza kumnyamazisha mbunge kaburini anafaa kuwa diwani. Akawa diwani. Akaangushwa. Kaunti zilipoanza akagombea wadi, ndiyo kata kwetu, akaangushwa tena. Halafu ukaja uchaguzi wa Spika, na bunge lilikuwa na kambi mbili zisizosalimiana. Kila kambi iliamini huyu ni wetu, kwa sababu alikuwa ameshazika watu wa pande zote mbili. Wakampa kura wote.

"Na ulikuwa wa nani, Mheshimiwa?"

"Bwana Kago, Spika hana upande. Hiyo ndiyo shida yangu. Nilikaa pale kiti cha mbele nikaanza kufuata kanuni. Kambi hii ikasema nimewasaliti. Kambi ile ikasema nimewasaliti. Halafu nikakataa safari yao ya mafunzo ya kujifunza ukusanyaji wa taka Dubai. Hapo wakapatana."

"Lakini nyinyi Wakenya mnapenda vurugu."

"Na nyinyi Watanzania mnaongea kama mnasoma taarifa ya habari."

"Afadhali sisi. Nyinyi mnaongea kama mnakimbizwa na mbwa."

Akacheka mpaka akalegeza tai. Nikajua tutapatana.

Kiwandani tulipokelewa na mwenye mali, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, ambaye mimi namwita Bosi Mama. Akatumiminia chai kwenye vile vikombe vyao vya kumezea dawa. Mimi na yeye tukaanza biashara kama inavyofanywa hapa: yeye anabonyeza kikokotoo, mimi nasema "tai gui", ghali mno, nakibonyeza upya, yeye anashika kifua kama nimemchoma kisu. Tunapiga kelele, tunacheka, tunanuna. Spika akatutazama. Kisha akapiga meza kwa kiganja, paa!

"Nidhamu! Muuzaji atatoa maelezo kwanza. Hatakatizwa. Kisha mnunuzi. Na nyote mnielekee mimi mnapozungumza."

Vikombe vikaruka. Bosi Mama akamtazama, akanitazama, akabonyeza kikokotoo mwenyewe akashusha bei. Mimi kazi hii nimeianza ningali na nywele zote kichwani, na sijawahi kuona bei ikishuka kwa kupigiwa meza. Kesho yake nikajaribu kwenye soko la nguo la Shahe, kwa muuza suruali. Akanifukuza.

Utaratibu wa hapa ni kwamba kabla kazi haijamalizwa unaletewa sampuli, ukubali au ukatae. Spika alitoa picha ya nembo ya kaunti yao: juu simba, chini yake ng'ombe, na hindi lililokomaa katikati. Siku chache tu, sampuli ikawa tayari. Tukaenda. Bosi Mama akaifunua kitambaa chekundu kwa madaha kama bibi harusi.

Spika akainama. Akakaa ameinama hivyo hivyo.

"Huyu ni nani?"

"Simba, Mheshimiwa."

"Simba gani amesukwa nywele? Na huu mpira chini ya mguu ni wa nini? Anachezea timu gani?"

Nikamweleza kwamba simba wa hapa ndivyo walivyo. Wanakaa milangoni mwa mabenki, nywele zao zimejikunja vifundo vifundo, na mguu uko juu ya mpira. Fundi alichonga simba anayemjua. Spika akasema huyo si simba, ni paka aliyetoka saluni. Sampuli ikakataliwa. Na mimi, ambaye jina langu ni kutimiza, nikaona aibu, nikamtafutia fundi picha za simba wa Serengeti, nikakaa naye kiwandani, nikamwonyesha kwa uso wangu mwenyewe simba anavyokunja pua. Wafanyakazi walinipiga picha.

Sampuli ya pili simba alikuwa simba. Lakini Spika akashika ng'ombe.

"Hana nundu."

Kweli hakuwa nayo. Ng'ombe wa fundi alikuwa laini mgongo mzima.

"Ng'ombe asiye na nundu ni wa maziwa ya pakiti," Spika akasema. "Watu wangu watasema nimewauza kwa Mchina." Nikamwona ameridhika sana na kosa hilo, kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Sampuli ya tatu, jamani. Mti mweusi uliong'arishwa mpaka unajiona uso, simba amekaa kwa adabu ya mwenye nyumba, ng'ombe ana nundu ya kushikika, hindi punje kwa punje. Spika akaizunguka meza. Akaizunguka tena. Akavua miwani, akaivaa. Uso ulikuwa umemshuka.

"Punje," akasema mwishowe.

"Punje zina nini?"

"Idadi ya punje za mahindi hailingani na idadi ya wadi."

Hapo ndipo darasa langu la saba likafanya kazi. Mtu anayetaka kitu hahesabu punje. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye kile kimgahawa cha tambi za kuvutwa pale Xiaobei, nikaagiza bakuli mbili, nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi si msomi lakini si mpumbavu. Hii siwa unaitaka au huitaki?"

Akavuta tambi. Zikabaki zinaning'inia hewani. Akazirudisha.

"Nikiipeleka, siku hiyo hiyo wananiondoa."

Akanieleza yote niliyokwisha kukueleza. Kwamba nyumbani ana mke ambaye hajui kama hoja iko tayari. Kwamba ameshazoea kuingia mahali watu wakasimama. "Si mshahara, Bwana Kago. Mshahara utakuja mwingine. Lakini nikitoka pale nitakuwa nani? Nitarudi kwa mazishi niseme wakwe wakae kule?"

Nilimwonea huruma, nasema kweli. Nikamwambia, "Basi tuicheleweshe. Niachie mimi."

Ndugu yangu, katika mji huu utanunua chochote: nywele, injini, meno ya bandia, saa ya ukutani ya plastiki yenye umbo la msikiti. Ucheleweshaji hawauzi. Nilimwambia Bosi Mama polepole tu, hatuna haraka. Akadhani namlaumu kazi mbaya, akaongeza mafundi. Nikaomba mti wa aina nyingine, nikataja mpingo, nikijua wataupata kwa taabu. Akasema "meiyou wenti", hakuna shida, na kabla sijafika Xiaobei akanitumia picha ya gogo la mpingo limelazwa kwenye toroli. Nikaomba punje za hindi zilingane na wadi, nikampa hesabu. Meiyou wenti. Nikaomba sanduku lenye velveti ya rangi ambayo nilijua haipo. Meiyou wenti, na velveti ikaja, na ilikuwa nzuri kuliko niliyoifikiria. Nilikuwa nimeshazoea kuwakimbiza Wachina wa watu. Kumbe kuwazuia kunahitaji shule ya juu zaidi.

Mambo yakaharibika kwa desturi ambayo mimi, mkongwe wa hapa, nilipaswa kuikumbuka. Kiwanda cha Guangzhou hakitupi sampuli. Ukiikataa, mwenye mali anaiweka kwenye kabati la kioo, anaipiga picha, anaibandika kwenye simu yake kwa wateja wote: iko tayari, anayetaka achukue. Hakuibii. Kwake ni bidhaa iliyokosa mnunuzi.

Asubuhi moja Bosi Mama akanipigia, furaha tupu. Amepata mteja wa sampuli ya kwanza, anatoka nchi ya rafiki yangu yule mrefu, ameshalipa, anataka iende kwa ndege, na yeye Bosi Mama hamjui mwenye kago mzuri kuliko mimi. Akanitumia jina la mpokeaji. Nikalipeleka kwa Spika.

Akalisoma. "Huyu ni naibu wangu," akasema.

Mkenya fulani wa Shahe alikuwa ameiona picha ya siwa yenye nembo ya kwao, akaituma nyumbani kwa mzaha. Naibu hakucheka. Naibu aliona siwa iliyo tayari, akainunua. Kama ingefika, wangekaa chini ya simba yule mwenye nywele za kusuka na mpira mguuni, na wangemwondoa Spika wao akiwa Guangzhou anahesabu punje.

"Unaweza kuizuia?" akaniuliza.

Hapo nikapimwa. Maana kuizuia ni rahisi. Mzigo mmoja kukaa stoo wiki mbili si jambo geni kwa watu wa kago. Wenzangu. Si mimi.

"Mheshimiwa, mzigo umelipiwa. Nikiuzuia wa naibu leo, kesho utaniamini vipi na wako?"

Nilitegemea atafoka. Akasema kwa ile sauti ya kipaza sauti, "Uamuzi wako ni sahihi. Ungeizuia ningekudharau." Halafu akasema, "Twende kiwandani."

Siwa mbili zilikuwa mezani, ile ya kabatini aliyoinunua naibu na ile ya mpingo, iliyokwisha kamilika. Akasimama kati yake, mikono nyuma. Bosi Mama akamimina chai, hakuna aliyekunywa.

"Unajua, Bwana Kago, nimezika watu wengi. Wengine walikufa vibaya sana. Ajali, pombe, mmoja alifia kwa mwanamke asiye wake. Kazi yangu ilikuwa moja: alivyokufa amekufa, lakini azikwe vizuri. Jeneza liende moja kwa moja, watu wasisukumane." Akamgusa yule simba wa mpira kwenye vifundo vya nywele. "Sasa hawa wataniondoa. Hiyo imepita. Lakini waniondoe mbele ya huyu? Watoto wa shule watakuwa wanaletwa kutazama bunge, wanaonyeshwa huyu, wanaambiwa hii ndiyo siwa yetu? Hapana. Bunge ni langu mpaka saa watakayosema si langu."

Akatoa kalamu akaikubali ile ya mpingo. Akauliza kama kuna ndege kesho.

"Kesho ipo," nikasema. Na mimi nikisema ipo, ipo.

Aliondoka na sanduku refu la velveti utadhani mpiga gitaa. Pale uwanjani wakamwuliza ndani kuna nini. Akasema, "Bunge." Wakafungua sanduku, wakalikagua kwa muda mrefu sana. Ya naibu niliituma na ndege iliyofuata, kama ilivyolipiwa, bila kuchelewa hata kidogo. Ilikuta mwenzake ameshafika. Nasikia sasa imesimama kaunta ya hoteli ya naibu, na wageni wanaipenda.

Siku ya kikao tuliangalia kwenye simu, ofisini kwangu. Muuza viatu alikuja, na Wakenya wengine, na wale akina mama wa Kariakoo wakaacha mabelo. Sajini wa bunge aliingia ameibeba siwa begani, nyeusi, inang'aa, na Spika nyuma yake na joho. Ukumbi mzima ukasimama. Hata wale wenye hoja mfukoni walinyoosha shingo. Mmoja akatoa simu akapiga picha.

"Angalia nundu!" nikapiga kelele. "Ile nundu ni yangu!"

"Nyamaza basi, mzee," muuza viatu akasema, "mtu anafukuzwa kazi."

Kanuni hazimruhusu Spika kuongoza kesi yake mwenyewe, kwa hiyo akashuka kitini. Wakampa nafasi ya kujitetea. Tukasogea. Mtu huyu tangu awe Spika alikuwa anawapa wengine nafasi ya kusema. Sasa ilikuwa yake. Akasimama, akaitazama siwa pale mezani, akasema: "Waheshimiwa, naomba kuanzia leo ibebwe kwa mikono miwili, na mtu asikimbie nayo. Asanteni." Akakaa.

Tulimsikia mtu akikohoa huko Kenya. Mama mmoja wa Kariakoo akasema, "Watamwacha. Mtu mwenye adabu hivyo watamwacha."

Hawakumwacha. Waliosema ndiyo walikuwa wengi, na walisema kwa sauti. Naibu alitangaza matokeo huku amemwelekea simba wa mpingo, wala hakuweza kumtazama Spika usoni. Spika akavua joho, akalikunja vizuri, akalitandika juu ya kiti, akatoka kwa mlango wa kawaida. Na mimi nitakwambia nilichokiona, ingawa wengine ofisini walibisha wakasema picha ilikatika: alipopita, wale wa nyuma walisimama.

Jioni akanipigia. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Hata maneno nilikuwa nimeyapanga.

"Pole sana, mzee," nikaanza.

"Mzee nani?"

"Pole, Mheshimiwa."

"Hapo sawa. Hilo hawana kura ya kuliondoa." Nikasikia anatafuna kitu, na nyuma kuna watu wengi wanacheka. "Bwana Kago, nyumba imejaa hapa. Watu wameiona siwa kwa simu zao. Wanauliza aliyeileta ni nani. Wananiambia mtu kama huyu hawezi kukaa bure, kuna kiti cha seneta."

"Hata suti haijapoa, Mheshimiwa!"

"Siasa haingojei suti. Nataka kofia za kampeni. Nyingi. Ziwe zimefika kabla wenzangu hawajaamka."

"Rangi gani?"

Nikasikia anamwuliza mtu pembeni, yule mtu naye anauliza mwingine.

"Chama bado," akasema. "Anza na nyeupe. Tutaweka rangi mbele ya safari."